Kabla Jembe Halijaingia: Bustani za Nyumbani, Mvua za Masika na Wanyama wa Porini

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kitengela na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado



Mwezi wa Februari udongo mweusi wa Kitengela hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kutoka Noonkopir hadi Kisaju nyasi zimekauka, upepo unabeba vumbi na matangi yanagonga kama ngoma tupu. Kisha alasiri moja mawingu hukusanyika, mvua hunyesha kwa saa moja hivi, na kesho yake asubuhi maduka ya agroveti hujaa wanunuzi wa mbegu. Mazungumzo haya yanahusu asubuhi hiyo. Watu wengi huupoteza msimu wao hapo, hata kabla punda milia au tumbili mmoja hajatia mguu kwenye bustani yao.

Kajiado ni kaunti kame, na mvua yake huja kwa misimu miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Haigawanyiki sawasawa. Wakazi wa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, hutegemea zaidi vuli, ilhali sehemu nyingi za upande wa magharibi hutazamia masika. Miteremko ya Milima ya Ngong hupata mvua ambayo mtu wa Magadi huiona kwa mbali tu. Kitengela iko kwenye uwanda wa Kaputiei, mahali ambapo wingu linaweza kulowesha mtaa mmoja na kuruka wa pili.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela. Wengi wao walikuja kutoka kwingine: Murang'a, Machakos, Kisii, Kakamega, Siaya. Walikuja na nguvu zao, na wengine walikuja pia na kalenda ya kupanda ya nyumbani kwao. Kwenye nyanda za juu, mvua ya kwanza ikianguka, mbegu huingia ardhini siku hiyo hiyo, na mara nyingi mkulima hakosei. Uwanda huu hauna huruma hiyo. Mvua ya mwanzo ya Machi inaweza kufuatwa na siku 10 au 14 za jua kali, na mbegu iliyoota kwa pupa hufa ikiwa na majani mawili.

Miaka ya karibuni imeonyesha pande zote mbili za hatari hiyo. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa kwa wingi katika kaunti hii, na wanyamapori vilevile: Wizara ya Utalii na Wanyamapori ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 Kenya ilipoteza ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia 381 kwa ukame, na eneo la Amboseli lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Baadaye, mwishoni mwa 2023, zikaja mvua za El Niño, na Aprili na Mei 2024 nchi ikapata mafuriko. Mtu aliyechimba vitanda vya kuzama chini ili kushika kila tone wakati wa ukame alijikuta na vidimbwi vya mbu na sukuma zilizooza mizizi. Bustani ni ile ile na mwenyewe ni yule yule.

Kwa hiyo maandalizi ya masika si kujiandaa kwa mvua peke yake wala kwa jua peke yake. Jambo la kwanza ni kujua mvua imeanza kweli lini.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya Machi, na huugawa kwa maeneo: mvua itaanza wiki gani, itakoma lini, itakuwa ya kawaida, zaidi au pungufu. Idara hiyo ina afisa wake katika kila kaunti. Watu husoma sehemu moja tu ya utabiri, ile ya kiasi, wakaacha ile ya mtawanyiko. "Zaidi ya kawaida" inaweza kumaanisha mvua nyingi iliyoanguka kwa siku sita na jua katikati. Kwa mwenye vitanda viwili nyuma ya nyumba, mtawanyiko ni muhimu kuliko jumla. Inafaa kukumbuka pia kwamba kituo cha IGAD cha utabiri wa tabianchi, ICPAC, kinachohudumia nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kiko Ngong, ndani ya kaunti hii. Mkazi wa Kajiado hana sababu ya kutegemea uvumi wa kwenye matatu.

Wazee wa Kimaasai walikuwa na utabiri wao, na bado wapo wanaoutumia. Zile nyota zinazokaa pamoja, ambazo Waswahili wanaziita Kilimia, kwa Wamaasai zimefuatana kama ng'ombe njiani. Zinapotoweka upande wa magharibi mwezi wa Mei, mvua kubwa zimekwisha. Hiyo ni hesabu nzuri kwa mwenye bustani, kwa sababu inamkumbusha kwamba msimu una mwisho. Akipanda mwishoni mwa Aprili zao linalohitaji miezi mitatu ya maji, nyota haitamngoja.

Nyumbani, kipimo ni jembe. Baada ya mvua, mwenye bustani achimbe shimo dogo mahali atakapopanda. Udongo mweusi hudanganya: juu ni tope linalong'ang'ania viatu, chini ya vidole vinne ni kavu kama tofali, kwa sababu maji mengi yalikimbilia kwenye nyufa au yakatiririka barabarani. Ikiwa unyevu umefika kina cha shubiri moja, na udongo wa hapo ukifinywa unashikana bila kuchuruzika maji, na utabiri wa siku zijazo unaonyesha mvua itaendelea, hapo mbegu inaweza kwenda shambani. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, ni afadhali kusubiri.

Lakini kusubiri nako kuna gharama, maana msimu ni mfupi. Kusubiri kufanyike kwenye kitalu. Mbegu za sukuma wiki, spinachi, vitunguu, nyanya na managu zikisiwa kwenye kitalu wiki ya mwisho ya Februari, zitakuwa miche ya kuhamishwa wiki nne hadi sita baadaye, kutegemea zao. Kitalu chenye upana wa mita moja na urefu wa mita mbili kinatosha familia na jirani wawili. Kinahitaji kivuli chepesi cha nyasi au neti na maji kidogo asubuhi na jioni. Mvua ikidanganya, kilichopotea ni siku chache tu za kumwagilia. Mvua ikithibitika, miche inaingia ardhini ikiwa na umri wa mwezi, ikiwa mbele ya magugu. Mtindo wa kununua pakiti tatu za mbegu na kuzimwaga shambani siku ya mvua ya kwanza ndio unaotajirisha wauza mbegu.

Kuhusu vitanda, ubishi wa kuinua au kuzamisha umekuwapo tangu watu waanze kulima ploti za 50 kwa 100. Jibu linategemea udongo. Kwenye udongo mwekundu wenye mchanga, kama unaopatikana sehemu za kuelekea vilimani, maji hupita haraka na kitanda cha kuzama kidogo hufaa. Kwenye udongo mweusi wa uwandani maji hayapiti; hukaa. Hapo kitanda kiinuliwe kama kina cha kiganja kabla ya masika, kilazwe kukingama mteremko, na mtaro mdogo uchimbwe upande wa juu wa kupeleka maji ya ziada kwenye migomba au mti wa matunda. Mvua zikikoma Mei, kitanda kile kile kifunikwe kwa matandazo mazito ya nyasi kavu ili unyevu usiibiwe na jua. Samadi si tatizo Kajiado. Malori huibeba kutoka kwenye maboma kwenda kaunti nyingine. Tatizo ni kwamba wengi huitumia ikiwa mbichi, ikaunguza miche. Iliyokaa miezi mitatu au zaidi, isiyo na joto wala harufu kali, ndiyo inayolainisha udongo mweusi.

Mahali ambapo udongo umeshindikana kabisa, au mpangaji hana ruhusa ya kuchimba, gunia hufanya kazi. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati ikapita nguzo ya kokoto ya kupitisha maji hadi chini, na miche ikapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja kubwa hubeba miche 30 hadi 40 ya sukuma. Tena fuko hawalifikii, jambo ambalo aliyewahi kuona mche ukizama ardhini mchana kweupe atalithamini.

Sasa maji. Visima vingi vya uwanda huu hutoa maji ya chumvi, na baadhi yana floraidi nyingi. Maji ya chumvi yakimwagiliwa mwaka mzima huacha ukoko mweupe juu ya udongo na majani huungua pembeni. Mvua ndiyo inayosafisha chumvi hiyo, na maji ya paa ndiyo bora kwa miche michanga. Hesabu yake ni rahisi, ingawa wengi huifanya baada ya tangi kukauka: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ikipata mvua ya milimita 25, ambayo ni mvua moja nzuri ya Aprili, hupokea lita 2,000. Hata theluthi moja ikimwagika au kupotea, zinabaki zaidi ya lita 1,300. Vitanda viwili vya mita moja kwa tano vinahitaji kama lita 50 kwa siku isiyo na mvua, yaani mitungi miwili na nusu. Mvua hiyo moja basi ni maji ya karibu wiki nne. Kinachohitajika ni gata lisilovuja na pa kuyaweka. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye mabati.

Kuhusu cha kupanda, mahindi kwenye ploti ndogo ya Kitengela ni zao la mapenzi zaidi kuliko chakula. Hukaa miezi mitatu au zaidi ardhini, hufunika kila kitu kwa kivuli, na huita nyani kutoka mbali. Anayesisitiza basi apande aina za muda mfupi, kama vile Katumani iliyotoka kwa watafiti wa KALRO kule Katumani, Machakos, au DH02 na DH04, ambazo zilitengenezwa kwa nyanda kavu. Maharagwe ya KAT, kunde na ndengu hukomaa mapema vilevile. Lakini kwa familia inayotaka kupunguza pesa inazoacha kwa mama mboga kila jioni, mboga za kienyeji ndizo zinazolipa haraka: terere na majani ya kunde huanza kuchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kuota, managu baadaye kidogo. Zikikosa mvua wiki moja hazilii kama spinachi.

Baada ya mvua huja wanyama, na hapa ndipo Kitengela inapotofautiana na miji mingine mingi duniani. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa 1946. Ina kilomita za mraba 117 na imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, uliachwa wazi ili wanyama wapite kwenda uwanda wa Kaputiei na kurudi. Mwendo wao unafuata mvua: wakati wa kiangazi hukusanyika ndani ya mbuga penye maji ya kudumu, mvua zikinyesha hutawanyika kusini kufuata nyasi fupi za uwandani. Maana yake ni kwamba wiki ambayo miche inahamishwa kutoka kitaluni, punda milia, nyumbu na pofu nao wako njiani. Mvua moja imewaita wote.

Kiangazi kina wageni wa namna nyingine. Kila kitu kikikauka, kitanda kinachomwagiliwa huwa ndicho kitu cha kijani peke yake kwa umbali mrefu. Digidigi, sungura wa porini, nungu, tumbili na nyani hawaji kwa sababu ya ukorofi. Wanakwenda palipo na maji ndani ya jani. Ndege pia. Na mgeni mharibifu kuliko wote, ikisemwa kweli, mara nyingi ni mbuzi wa jirani.

Jibu la kwanza la kila mtu ni ua. Ni jibu zuri, ila swali ni ua wa nini. Tangu ardhi ya ranchi za pamoja igawanywe na kuuzwa vipande vipande, nyaya na kuta zimeziba njia nyingi za wanyama kusini mwa mbuga, na idadi ya nyumbu wa uwanda huu imeporomoka tangu miaka ya 1970. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili waiache wazi bila ua. Baadhi ya familia ziliona shilingi hizo zikilipa karo, lakini bei ya ploti ilipanda kwa kasi kuliko malipo. Hakuna anayeweza kumlaumu mwenye ardhi kwa hesabu hiyo. Hata hivyo mkazi mwenye ekari moja au tano pembezoni mwa Tuala, Sholinke au Kisaju ana uamuzi mdogo ulio mikononi mwake: azungushie bustani ua, wala si shamba zima. Vitanda sita vinahitaji ua wa mita 30 au 40. Ekari moja iliyo mraba inahitaji zaidi ya mita 250. Ua mdogo ni rahisi kuujenga imara, ni rahisi kuukagua kila asubuhi, na ekari iliyobaki hubaki njia ya pofu kama ilivyokuwa.

Ua wenyewe utegemee mgeni. Inafaa mwenye bustani atembee ploti yake alfajiri mara mbili tatu kabla ya kununua chochote, atazame nyayo, kinyesi na jinsi majani yalivyokatwa. Sungura na digidigi huzuiwa na wavu wa kuku uliofukiwa ardhini kina cha shubiri. Nungu huja usiku kwa ajili ya viazi vitamu na maboga, na huinua wavu usiofungwa chini. Punda milia na ng'ombe huhitaji nguzo za kweli. Wigo wa kayaba ni mzuri kuliko waya kwa sababu hauibiwi, ila huchukua miaka kadhaa kukua na lazima ukatwe. Matawi ya miiba kama yale ya zizi hufaa katika msimu wa kwanza wakati kayaba inakua. Tumbili na nyani hawazuiwi na ua wowote wa kawaida. Kwao kinachofaa ni neti juu ya vitanda vilivyo karibu na mlango wa jikoni, mbwa anayelala nje mchana, na jalala lililofunikwa. Nyani aliyezoea maganda ya ndizi ya jalalani hatafukuzwa na makofi.

Kuhusu vitisho, kuna mtu wa Kitengela aliyelijaribu jambo hilo akiwa bado mtoto. Richard Turere, ambaye nyumba yao iko upande wa kusini wa mbuga, alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake dhidi ya simba. Kwanza alitumia moto. Ulisaidia simba kuona zizini. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakaondoka. Siku ya pili walielewa kwamba haisogei. Usiku mmoja alipozunguka zizi akiwa na tochi, simba hawakuja, naye akang'amua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 aliunganisha betri, kiwashio cha ishara za pikipiki na taa za tochi zilizovunjika, zikawa zinawaka na kuzima zenyewe kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi huo kwenye jukwaa la TED, na taa hizo zimeenea mbali.

Taa zilibuniwa kwa ajili ya simba na zizi, wala si kwa sukuma. Lakini ile siku ya pili ya sanamu inafaa ikumbukwe na kila anayetundika shati kuukuu kwenye kijiti. Ndege na tumbili huhesabu siku vilevile. Sanamu, diski zinazong'aa, kanda za kaseti na chupa zinazolia kwenye upepo hufanya kazi kama zinahamishwa kila siku mbili tatu, na zikitolewa miche ikishakua. Zikiachwa mahali pamoja huwa vituo vya ndege kupumzikia.

Upande wa Kimana na Loitokitok mgeni ni ndovu, naye hafukuzwi na diski. Mashamba ya nyanya na vitunguu yanayomwagiliwa kutoka kwenye chemchemi yako kwenye njia zake. Wakulima hulinda usiku kwa zamu, kwa taa na kwa moshi wa pilipili iliyochanganywa na samadi kavu. Huko Sagalla, Taita Taveta, ua wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya umewageuza ndovu wengi, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Ila ukame wa 2017 uliwaondoa nyuki wengi mizingani, na mzinga mtupu haumtishi mtu wala mnyama. Anayeiga mbinu hiyo Kajiado atenge pia maji na maua ya nyuki.

Kuna mbinu moja isiyo na nafasi, nayo ni sumu. Dawa ya wadudu iliyowekwa kwenye mahindi au nyama ili kumkomesha nyani hula mbwa wa nyumbani, kuku wa jirani, tai wanaokuja kwenye mizoga, na inaweza kumfikia mtoto. Ni kosa pia kisheria. Mitego ya waya ni hivyo hivyo.

Mnyama akiharibu mazao, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa bei ya soko, ila si kwa kila mnyama. Orodha iko kwenye jedwali la sheria hiyo, na afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, anaweza kumweleza mkazi kama mnyama aliyehusika yumo. Hatua ni kuripoti mara moja kwa KWS na kwa chifu, kupiga picha, kuacha nyayo bila kufagiwa, na kumwita afisa wa kilimo wa wadi akadirie hasara. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya wanyamapori. Malipo yamejulikana kuchelewa sana, na hilo limekuwa lalamiko la haki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria inakataa fidia kwa mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mazao yake. Kwa hiyo ule ua wa mita 40, na picha yake kabla ya uharibifu, ni sehemu ya dai.

Neno moja la tahadhari kwa wenye watoto: matandazo na magunia yaliyorundikwa ni makao mazuri ya nyoka. Kabla ya kutia mkono, yapigwe kwa fimbo. Na karibu na mbuga, kumwagilia kufanyike kukiwa na mwanga wa kutosha. Alfajiri mbichi na giza la jioni ni saa za wanyama.

Kazi ya wiki hii ya mwisho wa Februari basi si kulima. Ni kupanda juu ya ngazi kuangalia gata, kukokota samadi iliyoiva, kusia kitalu, na kutembea kuangalia nyayo. Atakayekosa kusia kitalu sasa bado ana njia: terere na kunde husiwa moja kwa moja shambani mvua ikishathibitika, hata katikati ya Aprili, na zitachumwa kabla Kilimia hakijazama.